Picha ya kamera ikipakwa rangi kwa brashi, ishindanishwe na nani?

Mwenye mada (Kisumu): Wadau, kuna maonyesho hapa mjini ambako picha ya mashua za Dunga, ufuo wetu wa ziwa, imeondolewa kwenye shindano la wapiga picha. Mwenye picha aliipiga mwenyewe, akaichapisha kwenye turubai, kisha akapitisha rangi ya akriliki juu ya maji na magugu. Waamuzi wakamtuma kwa wachoraji. Wachoraji nao wakamrudisha, eti kazi kubwa imefanywa na kamera. Sasa picha imekosa ukuta.

Mimi nasema ni picha ya kamera na ingebaki pale pale. Mseto huu haukuzaliwa juzi. Mwaka 1904 Edward Steichen, ambaye pia alikuwa mchoraji, alipiga picha ya kidimbwi chini ya mbalamwezi huko Mamaroneck, New York, akaitia rangi kwa mkono, tabaka juu ya tabaka la gundi inayoathiriwa na mwanga. Nakala moja iliuzwa mnadani mwaka 2006 kwa zaidi ya dola milioni 2.9.

Mpiga picha, Nakuru: Bei ya mnadani si hoja, mkuu. Steichen alitia rangi wakati wa kusafisha picha. Huyu wako amepaka picha ikiwa imeshakamilika. Mimi hungoja mwanga pale kreta ya Menengai mpaka uje, au nishuke mikono mitupu. Yeye mbingu ikimnyima wekundu anaufungua kwenye chupa. Tukigombea zawadi moja, nani kaonewa? Wapiga picha akina Ansel Adams waliunda kikundi chao, Group f/64, mwaka 1932 kwa sababu walichoshwa na picha zinazojifanya michoro.

Mwenye mada: Adams huyohuyo alikesha chumba cha giza, pale picha zinaposafishwa, akififisha hapa, akikoleza pale. Na wewe kwenye kompyuta hugusi kitu?

Mpiga picha, Nakuru: Nagusa. Ila siongezi ambacho hakikuwepo.

Mchoraji, Kondele: Niwatetee wenzangu. Kamera haitusumbui, wengi wetu tunachora tukiangalia picha. Lakini kwenye turubai tupu, mashua ikikaa upande kosa ni langu. Yeye ameikuta imeshakaa. Hata hivyo ufundi anao, nisimnyime: akriliki haishiki vizuri kwenye karatasi inayong'aa, hubanduka, na wino wa printa usipopigwa vanishi kwanza unaweza kuvujia kwenye brashi yenye maji. Ningemwekea shindano lake, la mseto.

Mwenye mada: Shindano la mtu mmoja, dada? Huko ni kumfukuza kwa adabu.

Msoma sheria, Kakamega: Mnabishania ukuta na pesa ziko kwingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda mchoro maisha yote ya msanii, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Picha ya kamera hupata miaka 50 tu, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa umma. Kijana wa miaka 22 akiiweka hadharani leo kama picha ya kamera, akifika sabini na kitu kila mtu anaichapa bure. Ikiitwa mchoro, wajukuu watakula. Mwenye mada, bado unaitetea ibaki upande wa kamera?

Mwenye mada: Ukutani, ndiyo. Mahakamani aiite mchoro mpaka ulimi ukauke.

Mpiga picha, Nakuru: Si ndilo nililosema? Anataka kula kotekote.