Kigoma ilitawaliwa na watatu: gumzo la Wana Ujiji

Mama Shani: Mwakeye jamani. Shani kapewa kazi ya shule, historia ya utawala wa wilaya yetu. Kaandika alikuja Mjerumani kisha Mwingereza kisha uhuru. Mjomba hebu pitia

Mjomba Iddi: Karuka mtu hapo. Baada ya Mjerumani alikaa Mbelgiji, karibu miaka mitano

Rama: Mbelgiji si wa Kongo na Burundi huko mjomba?

Mjomba Iddi: Ndo huyohuyo. Vita ya kwanza walivuka na jeshi lao la Kongo, askari wengi Wakongomani, wakaingia Kigoma mwisho wa Julai 1916 wakaendelea mpaka wakaichukua Tabora tarehe 19 Septemba. Hapa wakatawala hadi Machi 1921 ndo wakamkabidhi Mwingereza. Inaniuma sana watoto wetu wanafundishwa historia ya Dar es Salaam wanadhani ndo ya Kigoma

Shangazi Zuhura: Na aanzie Ujiji asianzie Kigoma!! Mjerumani boma alijenga Ujiji 1896, Kigoma ilikuja baadae

Rama: Sasa waliihama Ujiji kwanini na ndo ilikuwa mji mkubwa wa biashara

Shangazi Zuhura: Maji. Miaka ya 1870 ziwa Tanganyika lilikuwa juu kwasababu mto Lukuga, unaotoa maji ziwani kule upande wa Kongo, ulikuwa umeziba, ulipofunguka ziwa likaanza kushuka, likashuka kama mita 10 hivi. Ujiji pwani yake ni tambarare kwahiyo maji yakirudi yanarudi mbali, we shuka pale kwenye miembe ya Livingstone utembee mpaka ufike majini utaona. Ghuba ya Kigoma ina kina na vilima vimeizunguka upepo haupigi sana, meli kubwa inafunga karibu na nchi kavu. Reli ya kutoka Dar ikaletwa Kigoma 1914, na Ujiji ikaanza kupungua toka hapo

Mjomba Iddi: Na mwaka huohuo vita. Meli ya Wajerumani, Götzen, iliunganishwa hapahapa Kigoma, ilikuja vipandevipande kwenye masanduku. Walipoona Mbelgiji anafika wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi wakazipaka mashine grisi kwanza zisioze. Mwingereza akaiibua 1924, 1927 akaiita Liemba

Mama Shani: Kumbe Liemba ni hiyo, Shani hapa macho yamemtoka 😃 Sasa Mbelgiji aliondoka kwanini kama ashashika

Mjomba Iddi: Waligawana mezani. 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana, Mbelgiji akabaki na Ruanda na Urundi, Kigoma ikaenda kwa Mwingereza. Ule mpaka wa Burundi pale Manyovu, watu wa huku wanaongea Kiha wa kule Kirundi na wanaelewana vizuri tu, ila hakuna aliyeulizwa, na mi hilo ndo nataka Shani aliandike kuliko tarehe zote

Shangazi Zuhura: Na bandari je? Usiiache

Mjomba Iddi: Eeh. Mkataba wa 1921 ulimwachia Mbelgiji eneo lake bandari ya Kigoma na lingine Dar, yaliitwa Belbase, mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Kodi yake faranga moja kwa mwaka, na iwe hivyo milele

Rama: Faranga MOJA???

Mjomba Iddi: Moja. Tulipopata uhuru serikali ya Nyerere ikasema mikataba ile haitufungi, Mwingereza hakuwa na haki ya kugawa ardhi yetu milele na yeye mwenyewe alikuwa mwangalizi tu

Mama Shani: Anafuta anaanza upya. Anauliza achore ramani ngapi

Shangazi Zuhura: Mbili, ya Mbelgiji na ya Mwingereza. Na Ujiji aiandike kwa herufi kubwa