Eksichenja ya pleti au ya mirija? Maji ya moto hayana nguvu ghorofa ya juu

kiwengwa_ufundi: Wakuu, habari za jioni. Nipo kitengo cha ufundi kwenye hoteli moja huku Kiwengwa, Unguja. Maji ya moto ghorofa ya juu yanatoka kama uzi, ya baridi yako vizuri kabisa. Bosi anataka eksichenja mpya wiki hii hii, yaani kile chombo kinachohamisha joto la boila yetu ya dizeli kwenda kwenye maji ya kuogea. Nina bei mbili mezani: ya pleti (bati nyembamba zilizopangwa pamoja), na ya mirija (mabomba membamba ndani ya silinda) ambayo ni ghali karibu mara mbili. Muuzaji wa mirija anasema pleti "zinakula presha". Nichukue ipi?

Fundi Mwasi: Mkuu, hapo hujatupa kitu. Vyumba vingapi? Kisima au maji ya mfereji? Iliyopo ni aina gani, ina miaka mingapi? Geji za presha zipo pande zote mbili, kuingilia na kutokea? Bila hayo tutapiga ramli tu.

mirija_daima: Mimi hata sihitaji majibu hayo. Chukua ya mirija. Kati ya pleti na pleti maji yanapita kwenye upenyo wa milimita chache, tena pleti zimekunjwa makusudi ili maji yavurugike yapokee joto upesi. Huo mvurugiko unaulipia kwa presha. Mirija ikishika chokaa unafungua kifuniko, unapitisha brashi, kazi imeisha.

bifundi_ilala: Kaka, hiyo ni nusu ya habari. Presha ya kupotea anaichagua mnunuzi. Mwambie muuzaji: kwa lita kadhaa kwa dakika, isipotee zaidi ya baa 0.3 (baa ni kipimo cha presha). Ataongeza idadi ya pleti, maji yagawane njia nyingi. Wengi wanauliza kilowati peke yake, halafu wanalaumu chombo. Na mtiririko ukiongezeka mara mbili, presha inayopotea inapanda karibu mara nne. Halafu ya mirija ukitaka kuvuta bando lote la mirija nje, unahitaji nafasi tupu mbele yenye urefu kama wa chombo chenyewe. Chumba chao cha mashine kinayo?

kiwengwa_ufundi: Samahani wakuu. Vyumba 48. Mwanzo vilikuwa 30, ghorofa ya juu imejengwa baadaye. Maji ya kisima. Iliyopo ni ya pleti zilizochomelewa pamoja, haifunguki, ina miaka minne. Geji ipo upande wa kuingilia tu. Nafasi mbele hakuna, kuna ukuta.

Fundi Mwasi: Sasa tunaongea. Kisima cha Unguja ni maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, chokaa tupu. Ukiyapasha, hasa kupita nyuzi 60, chokaa inaganda kwenye chuma. Na vyumba mmeongeza 18 juu ya chombo kile kile.

baba_salama: Naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu naona njia ile ile. Mwaka 2019 nilisimamia hosteli ya wafanyakazi Bagamoyo. Kisima, eksichenja ya pleti isiyofunguka. Maji ya moto yalipopungua nikanunua pampu kubwa. Siku mbili watu walinishukuru. Lakini pampu ni moja kwa baridi na moto, kwa hiyo baridi nayo ilipanda, tena ilipanda zaidi kwa kuwa haipiti kwenye eksichenja. Kwenye mikisa za shawa, zile zinazochanganya moto na baridi, maji ya baridi yakawa yanayasukuma ya moto nyuma. Mtu amejipaka sabuni, maji yanageuka baridi ghafla. Jirani akifunga bomba, yanamchoma. Dada mmoja aliungua bega. Wiki ya pili kiungo cha bomba la chini kikaachia usiku, magodoro sita yakaloa. Ile eksichenja tuliikata kwa grainda. Ndani kulikuwa na ganda jeupe gumu kama kifuu, njia iliyobaki ungepitisha karatasi tu. Pampu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

mirija_daima: Pole sana. Ila mngeizungushia asidi kwanza. Sisi tunatumia ile ya kusafishia vyoo, dakika 20 imefunguka.

bifundi_ilala: Hapana jamani, msimfundishe hivyo. Hiyo ya vyoo ni asidi ya haidrokloriki, inakula stenlesi ya pleti, inaacha vitundu. Tumia asidi ya sitriki, ile ya unga ya viwanda vya juisi. Izungushe kwa pampu ndogo kinyume na mkondo, kisha suuza vizuri.

mirija_daima: Miaka kumi natumia, sijatoboa kitu.

bifundi_ilala: Mirija yako ni minene. Pleti ni nyembamba, haina hata milimita moja.

jua_la_bure: Kwa nini hoteli ya Kiwengwa inachoma dizeli? Wekeni sola na tenki lenye koili, bomba lililojikunja ndani yake la kupashia maji. Koili haili presha, na asubuhi wageni wote wanakuta akiba.

Fundi Mwasi: Tenki naliunga mkono, ila koili nayo inashika chokaa ile ile. Na akiba isishuke chini ya nyuzi 60, bakteria wa Lejionela wanastawi kwenye vuguvugu.

kiwengwa_ufundi: Nimefunga geji ya pili leo. Shawa zote zikiwa zimefungwa, zote mbili zinasoma 3.2. Nikifungua shawa kumi ghorofa ya juu, kuingia 3.0, kutoka 1.5.

bifundi_ilala: Umeona? Maji yakisimama hakuna kinachopotea, yakitembea unapoteza baa 1.5. Kupanda mita tisa kunachukua karibu baa 0.9, shawa inabaki na 0.6 au pungufu. Lebo ya eksichenja inasema ipotee kiasi gani?

kiwengwa_ufundi: Lebo imefutika kwa kutu.

Fundi Mwasi: Geji ya kwanza iko kabla ya chujio au baada?

kiwengwa_ufundi: Kabla. Chujio liko katikati ya geji na eksichenja. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kulifungua. Nitalifungua kesho, wageni wakishaoga.

mirija_daima: Fungua, lakini ile bei ya mirija usiitupe.

jua_la_bure: Mkuu, paa lenu linaelekea upande gani?