Ushauri: SMS za kujituma zenyewe kwa wateja wa vifaranga, nianzie wapi?

Mtotoleshaji_Moro

Wakuu, salaam. Tunatotolesha na kuuza vifaranga chotara hapa Morogoro. Tuna wateja kama 1,900 kwenye Excel: jina, namba ya simu, tarehe ya kuchukua mzigo na idadi. Tunataka mteja akumbushwe chanjo bila mtu kukaa anaandika: siku ya 7 kideri, ya 14 gumboro, ya 21 kideri tena, ya 28 gumboro tena. Wengi wana vitochi, kwa hiyo WhatsApp tuiweke pembeni. Maswali yangu: nitumie laini ya kawaida yenye bando la SMS au niende kwenye kampuni? Na nini huwa kinaharibika? Naomba kuwasilisha.

Nondo_Kavu

Laini ya kawaida achana nayo, mkuu. Ujumbe unaofanana ukitoka kwenye laini moja kwenda mamia ya namba kwa dakika chache, mtandao unaweza kuiona laini kama ya matapeli na kuifunga. Halafu mteja anaona namba ngeni inamwambia anunue kitu. Nchi hii ya "ile hela itume kwenye namba hii", nani atakuamini?

Nenda kwenye kampuni ya kutuma SMS kwa wingi, usajili jina la mtumaji. Jina lisizidi herufi 11, nafasi nayo ikihesabiwa. Andaa barua yenye nembo ya biashara, leseni, TIN, cheti cha BRELA na mfano wa ujumbe utakaotuma. Kila mtandao unaidhinisha kivyake, ndiyo maana utasikia "wa Voda wamepata, wa Halotel hawajapata". Kabla hujaanza rasmi, jaribu kwa laini moja ya kila mtandao: Vodacom, Yas, Airtel, Halotel na TTCL.

Jina la mtumaji halijibiwi. Mteja akibonyeza kujibu, ujumbe hauendi popote. Weka namba ya kupiga ndani ya ujumbe wenyewe.

Bibi_Jedwali

Kabla ya yote, safisha namba. Excel inakula sifuri ya mwanzo, na namba ndefu inaigeuza kuwa 2.55712E+11. Badili safu iwe Text kabla ya kubandika namba, si baada. Mifumo mingi inataka tarakimu 12: 255 kisha tisa. Fomula hii inashika 0712, +255712 na 712 kwa mpigo:

="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)

Mtego wake: namba iliyoandikwa na tarakimu moja ya ziada itakatwa kimyakimya na kuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo hesabu pia urefu wa namba ya awali. Na baada ya 255 lazima ifuate 6 au 7, la sivyo si simu ya mkononi.

Usipange wateja kwa mitandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake.

Kalamu_ya_Chuma

Nitasema la gharama. SMS moja ni herufi 160. Ikizidi inakatwa vipande vya herufi 153, kila kipande unalipia. Lakini ikiingia alama moja tu isiyo ya mfumo wa kawaida, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70, na vipande vyake ni vya 67.

Emoji kila mtu anaijua. Inayowaponza Waswahili ni ile alama ya king'ong'o. Ukiandika "ng'ombe" kwenye Word, alama inajipinda yenyewe. Iliyonyooka ni salama, iliyopinda inabadilisha ujumbe wote. Ujumbe wa herufi 160 unatoka kipande kimoja kuwa vitatu. Kwa watu 1,900 umelipia SMS 5,700 badala ya 1,900, na hakuna aliyeona tofauti. Andika kwenye Notepad.

Mfano wa siku ya 7:

"Bi Rehema, kesho vifaranga wako 200 wanatimiza siku 7. Nunua chanjo ya kideri leo, wape kesho asubuhi kwenye maji yasiyo na dawa. Maswali: 07XXXXXXXX"

Hizo ni herufi 149. Zinabaki 11 za kubeba jina refu kama Mwanahamisi.

Fundi_Mitambo

Mfano mzuri, ila "leo" na "kesho" zitoe. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe unangoja kwenye mtandao na kuingia ikiwashwa. Mtu wa kijijini anayechaji simu mnadani atausoma kesho yake, na "kesho" yake itakuwa imechelewa siku moja. Andika "Jumamosi tarehe 14". Pia weka muda wa ujumbe kuisha, tuseme masaa 12 tangu utumwe, ili ambao haujafika ufe.

Sasa kosa kubwa liko kwenye jedwali lako, mkuu. Unahesabu kutoka tarehe ya kuchukua. Chanjo inahesabiwa kutoka siku ya kutotolewa. Anayechukua vifaranga wa wiki mbili ameshapita siku ya 7. Ukimkumbusha atawachanja upya au atadhani hamkuwachanja. Ongeza safu ya tarehe ya kutotolewa, na kila mzigo uwe na mstari wake. Mteja mwenye mizigo miwili ana ratiba mbili.

Kujituma kwenyewe si kazi ngumu. Weka jedwali Google Sheets, andika skripti (programu fupi) ya Apps Script inayoamka kila asubuhi, inatafuta mizigo ambayo kesho inatimiza 7, 14, 21 au 28, inapeleka kwenye API ya kampuni ya SMS (mlango wa programu kuongea na mfumo wao). Kila ujumbe ukipokelewa, hapo hapo iandike "imetumwa" na namba ya kumbukumbu kwenye mstari ule. Usisubiri mwisho: skripti hukatwa ikifika dakika 6, ukiianzisha tena wa mwanzo watapata mara mbili. Hakikisha saa za skripti ni za Afrika Mashariki. Seva iliyo kwenye saa za UTC (nyuma yetu kwa saa tatu) ukiiambia 08:00, ujumbe unatoka saa 5 asubuhi kwetu.

Chanjo ikiangukia Jumatatu, kikumbusho kitoke Jumamosi. Jumapili maduka mengi ya dawa za mifugo yamefungwa.

Mtotoleshaji_Moro

Hapo kwenye tarehe ya kutotolewa umenigusa mkuu, safu hiyo hatuna. Nitajuaje kama ujumbe umefika? Na kuna sheria?

Nondo_Kavu

"Imetumwa" maana yake kampuni imepokea, basi. Omba ripoti ya kufika. DELIVRD umefika. EXPIRED muda umeisha simu ikiwa haipatikani. UNDELIV umeshindikana, mara nyingi namba haipo tena. REJECTD umekataliwa, anza kuangalia jina la mtumaji kwenye mtandao ule. Namba ikishindikana mara tatu mfululizo, itoe. Namba zilizokufa hugawiwa watu wengine, ndiyo maana deni la mteja usiliweke kwenye SMS.

Sheria ni ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Jisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwenye risiti weka mstari wa mteja kukubali kutumiwa ujumbe. Kukubali ratiba ya chanjo si kukubali matangazo. Ukitaka kutangaza punguzo, uliza kivyake, na weka namba ya kupiga kujiondoa.

Bibi_Jedwali

Tarehe za kutotolewa utazipata kwenye daftari la mashine ya kutotolesha. Linganisha na tarehe ya kuchukua, jaza mizigo ya siku 28 zilizopita tu. Ya zamani imeshapita ratiba, usipoteze usiku kuijaza.