MREJESHO: Jaji aliyempa ushindi mshirika wake wa biashara

Wakuu, asanteni sana kwa ushauri. Mtakumbuka nililalamika kwamba kwenye mashindano ya ng'ombe wa maziwa niliyoshiriki, jaji alimpa nafasi ya kwanza mfugaji ambaye wanauza mitamba pamoja.

Sikugombana na mtu uwanjani. Niliandika barua kuomba karatasi ya alama, nikapewa. Aisee! Kwenye kiwele tumepewa alama sawa, wakati cha ng'ombe wake kimelegea hadi chini ya goti la nyuma na chuchu za mbele zimetazama nje. Marekani karatasi yao inakipa kiwele alama 40 kati ya 100, maana kiwele kibovu kinafupisha maisha ya ng'ombe zizini. Nilieleza yote hayo na kuambatanisha picha.

Kamati imekataa kubadili matokeo, na hilo linaniuma mpaka leo. Ila imekubali jaji ajaye atoke mkoa mwingine, atangaze mapema kama ana biashara au undugu na mshiriki yeyote, na aeleze kwa kipaza sauti sababu ya kila nafasi kabla ya kutoa zawadi. Ahadi hiyo ninayo kwa maandishi, ina muhuri. Ng'ombe wangu naendelea kumwandaa.