Naomba ushauri: mama ana sukari, anataka meno ya kupandikiza

Habari zenu wakuu, niko Kigoma huku Ujiji, naombeni ushauri kuhusu meno ya kupandikiza, yale wanayoingiza skrubu ya titani kwenye mfupa wa taya halafu juu wanavalisha jino. Mama yangu ana miaka 58, aling'olewa magego matatu ya chini tangu 2016, akatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua ila yanacheza, yanamchubua fizi mpaka wakati wa kula anayavua anaweka pembeni, migebuka ya kukaanga anaiangalia tu siku hizi ni ugali na mchuzi, kwa kweli inaniuma maana mama alikuwa anapenda sana kula na watu.

Sasa wasiwasi wangu ni sukari, huwa inapanda, na nimeelezwa isipodhibitiwa kidonda kinachelewa kupona na skrubu inaweza isishike. Halafu mfupa wa taya unapungua jino likishatoka, miaka yote hii si utakuwa umeisha jamani? Nasikia lazima apigwe picha kwanza, mfupa ukiwa mdogo wanaongezea.

Kingine safari, skrubu inaachwa kama miezi mitatu mpaka sita ishikane na mfupa ndo wamalizie, kwa hiyo ni kwenda Dar na kurudi zaidi ya mara moja.

Aliyewekewa akiwa na sukari anisaidie, ilikuwa ngapi walipokubali kukufanyia? Au bora daraja, yale meno ya bandia yanayoshikizwa kwenye meno ya pembeni ya pengo? Ila daraja wanasaga meno mazima ya pembeni, hapo roho inasita.