Naomba ushauri: siku moja ya kutembea mjini Unguja na shoga yangu, bajeti 50,000

BintiBububu
Assalaam alaykum wanajukwaa. Jumamosi hii shoga yangu niliyesoma naye chuo anakuja Unguja kutoka Dar, anashuka bandarini saa 3 asubuhi. Hajawahi kufika huku. Usiku atalala kwa shangazi yake Kwahani, kwa hiyo siku nzima ni yetu mpaka baada ya isha. Nina shilingi 50,000 kwa sote wawili, kula na nauli humo humo. Nataka afurahi na asijue kuwa nahesabu. Mpango wangu: kisiwa cha Changuu kuona makobe, kuingia Beit el-Ajaib, soko la Darajani, Mji Mkongwe, usiku Forodhani. Itatosha? Naombeni mnisaidie kabla ya Ijumaa, sina raha kabisa.

MlaUrojo
Inatosha ukimlisha mtaani badala ya hotelini. Mchana mpe urojo, ile supu yetu ya embe bichi na manjano, weka 3,000 kwa kila bakuli. Nendeni baina ya saa 7 na saa 10, sufuria ikiwa bado motoni. Ukichelewa unakuta umeshakuwa mzito na ukali wa embe umepotea. Angalia mkono wa muuzaji anavyopanga: kwanza mbatata, kachori, bajia na mshikaki, kisha urojo wenyewe, halafu chatne ya nazi, na chipsi za muhogo juu kabisa. Chipsi zikitangulia chini zinalowa kabla hujashika kijiko. Pilipili mwambie aweke pembeni, maana mgeni hawezi kuitoa ikishachanganywa.

MpishiWaNgambo
Hapo kwenye uzito nataka kuongeza. Urojo mzito hausababishwi na kukaa tu. Wengine wanatia unga mkavu kwenye maji yanayochemka, unafanya madonge, kisha wanazidisha unga kuyaficha. Unga unakorogwa kwanza kwa maji baridi mpaka uwe laini, ndipo unamiminwa kidogo kidogo kwenye maji ya embe bichi na manjano huku mkono haupumziki. Moto mdogo. Ndimu inaingia mwisho. Ukionja ukasikia unga mbichi kwenye ulimi, huo haukuiva, uache.

MzeeWaMalindi
Mwanangu, waalaykum salaam. Mgeni hahesabiwi shilingi. Kamata hiyo 50,000, nunua mchele, nyama na bizari, mwambie mama apike pilau, mgeni akae jamvini ale na watu wa nyumba. Heshima ya mgeni ni nyumbani, si barabarani. Makobe hayahami.

BintiBububu
Shukran mzee wangu, pilau italiwa Jumapili inshaallah. Jumamosi ni ya kutembea, nimeshamuahidi. Swali langu jingine: kutoka bandarini mpaka Forodhani mwendo wake ni wa kiasi gani, na kuna pa kukaa njiani?

KasiYaKusi
Kabla ya hayo, hiyo boti ya Changuu ni saa ngapi, bei gani, na umeshalipa? Jumamosi mwezi ni 15, yaani bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua hapa Unguja maji hupwa karibu saa 4 na nusu asubuhi na kujaa karibu saa 10 na nusu jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50. Ukipanda boti ufukweni mjini maji yakiwa yamepwa, boti inasimama mbali, nanyi mnatembea kwenye mchanga uliolowa na mawe yenye ukoga, kisha mnaingia majini mpaka magotini ndipo mnapanda.

BintiBububu
Ni saa 4 asubuhi, 15,000 kwa kila mtu. Nimeshatoa 15,000 ya kwanza, iliyobaki nalipa tukirudi. Bei ni ndogo kwa sababu anatuchanganya na watu wengine. Mkikodi peke yenu boti ni bei ile ile muwe wawili au wanane, kwa hiyo nimeona hii ndiyo nafuu. Hapo sitaki kurudi nyuma.

DadaWaMnaziMmoja
Mie kilichonishitua ni lile swali la "pa kukaa njiani". Mtu wa Bububu kila siku anashuka mjini, haulizi pa kukaa baina ya Malindi na Forodhani. Shoga yako ni mjamzito? Ni mgonjwa? Sema, maana ushauri wote hapa tunautoa kwa mtu mwenye miguu mizima.

BintiBububu
Si mgonjwa. Alifanyiwa upasuaji wa goti, sasa anatembelea magongo mawili. Daktari kamruhusu kutembea, ila asilikunje sana goti na asisimame muda mrefu. Sikutaka kuandika kwa sababu hapendi kuonewa huruma, na nilijua mtaniambia nikae naye nyumbani. Ana nguvu kuliko mimi. Na kijana wa boti kasema atambeba mgongoni.

KasiYaKusi
Hilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza, dada yangu. Kumbeba mgongoni ndiko kunakolikunja goti khasa: mbebaji anashika chini ya mapaja, goti linapinda kiunoni mwake, na akiteleza kwenye ukoga wanaanguka wote wawili. Kisha kuna ubavu wa boti. Pale mtu ananyanyua mguu mmoja juu kuvuka ubao huku chombo kinayumba, na magongo hayamsaidii kitu, maana ncha zake zinazama mchangani. Saa 4 ya Jumamosi hii ndiyo saa mbaya kuliko zote.

DadaWaMnaziMmoja
Na mshono je? Umefunga kabisa au bado una bandeji? Kama bado, asiingie majini, hata maji ya kifundoni. Aulizwe mwenyewe, usimjibie.

MpitaNjia1964
Samahani, mimi naona huu uzi umetungwa. Mtu anajiita BintiBububu halafu anapanga kuingia Beit el-Ajaib? Upande wa mbele wa lile jumba uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na tangu hapo limezungushiwa uzio kwa ukarabati. Hakuna mtoto wa Unguja asiyejua. Kwanza rafiki, kisha boti rahisi, kisha magongo. Kesho utawekwa namba ya simu ya boti hapa. Hili ni tangazo.

MlaUrojo
Hata mie nilijiuliza. Hebu atuambie, ukitoka mjini na gari ya 502 kwenda kwenu unapita wapi kwa mpangilio?

BintiBububu
Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el-Ras, ndiyo Bububu. Nisamehewe, lakini nimekuja kuomba ushauri, sikuja kufanyiwa mtihani. Hiyo "kuingia Beit el-Ajaib" imo kwenye orodha aliyonitumia kijana wa boti, nikaiandika kama ilivyo. Sina namba ya kumuwekea mtu hapa na sitaweka.

MpitaNjia1964
Nimekusikia. Lakini basi tatizo ni kubwa zaidi. Anayekuuzia kuingia kwenye jumba lililofungwa, muulize na mengine yaliyomo kwenye orodha yake. Je, kiingilio cha Changuu kimo ndani ya hiyo 15,000 au mnalipa mkifika? Kawaida kinalipwa kisiwani, mbali na boti. Kuna majaketi ya kujiokolea ya watu wote? Umepewa risiti?

BintiBububu
Risiti sina. Kiingilio kasema "tutaona huko".

Mkaazi_Shangani
Basi tufanye hesabu wazi. Boti 30,000, zinabaki 20,000, na kiingilio hakijalipwa. Ukitoa chakula cha mchana, nauli na Forodhani usiku, huna hata ya teksi ya kumfikisha Kwahani, na mtu wa magongo usiku lazima apande teksi.

Bila boti ni hivi: urojo mabakuli mawili 6,000, juisi ya miwa mbili 4,000, Forodhani tenga 16,000 kwa wote wawili, gari za mjini tenga 4,000 na chenji itarudi. Jumla 30,000. Hata ile 15,000 uliyotoa ikipotea, una 5,000 ya teksi, mradi mkubaliane bei kabla ya kufungua mlango.

Na siku yenyewe inajaa bila boti. Mkitoka geti la bandari shikeni kulia, bahari ikae mkono wa kulia muda wote. Mpaka Forodhani hakufiki kilomita moja, na ni tambarare. Mtu mwenye miguu mizima anatumia chini ya robo saa. Nyinyi jipeni dakika 40 na simameni mara tatu. Kwanza kwenye ile zahanati ya zamani yenye roshani za nakshi, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 na kufunguliwa 1894. Haina haja ya kuingia, nakshi zinaonekana vizuri kutoka barabarani. Pili kwenye Mtini, mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911 na Sultan Khalifa, kivuli chake kinatosha umati na mafundi wa vyombo hukaa pale. Hapo akae kweli, si kuegemea. Tatu mbele ya Beit el-Ajaib. Msimulie nje kwa nje: lilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash.

Saa 6 jua likipanda, vukeni barabara muingie Ngome Kongwe. Kuingia mchana hulipi, ukuta ni mnene na ndani kuna baridi. Waliijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno. Kaeni humo mpaka adhuhuri ipite.

Vichochoroni msiende mbali. Wasiwasi wangu si umbali, ni pikipiki na baiskeli zinazokuja ghafla kwenye kona, na mtu wa magongo mawili anahitaji nafasi pande zote. Mtaa wa Gizenga nyuma ya ngome unatosha, una maduka, na baraza za nyumba ni pa kupumzikia. Yeye apite upande wa ukuta, wewe upande wa njia. Darajani upande wa samaki acheni kabisa, sakafu ina maji wakati wote.

MzeeWaMalindi
Huyu kasema kweli. Na mgeni avae nguo ya staha, mabega na magoti yafunikwe, atapokewa vizuri kila baraza.

MlaUrojo
Usiku Forodhani fikeni kabla ya maghribi mpate kiti, makaa yanakuwa yanawashwa. Bei ya kila mshikaki iulizwe kabla haujaguswa moto, mmoja mmoja, si "nipangie tu". Chagua ule mbichi unaochomwa mbele yako. Uliokwisha kuiva na kupangwa mezani unapashwa tu, pweza anakuwa mpira na ndani bado baridi. Zanzibar pizza ni salama, kwa sababu unaona donge linavyotandazwa, keema na yai vikitiwa na kukunjwa juu ya tawa. Mwambie asitoe haraka, katikati yai linabaki bichi.

BintiBububu
Nimezisoma zote, na hiyo ya ngome sikuifikiria. Lakini Changuu siiachi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba makobe. Nimempigia sasa hivi: mshono umefunga muda mrefu, na kasema nikimwambia tumeahirisha kwa ajili ya goti atarudi Dar na boti ya jioni. Kijana kasema kuna boti nyingine saa 9 alasiri, bei ile ile.

DadaWaMnaziMmoja
Kama ni yeye kasema, basi. Pesa ya kiingilio itoke wapi?

BintiBububu
Urojo bakuli moja tugawane, na Forodhani kula kidogo. Teksi nitamuomba kaka atulipie.

KasiYaKusi
Saa 9 ni afadhali sana. Maji yanajaa, boti inasogea mpaka karibu na mchanga mkavu, na mkirudi saa 11 bado yamejaa. Ubaya wake ni upepo, alasiri mawimbi yanakuwa makubwa kuliko asubuhi, kwa hiyo akae katikati kuelekea nyuma, si mbele ambako chombo kinapigapiga. Mguu unyooshwe juu ya ubao wa kukalia, na pawe na nguo chini ya goti.

Kupanda: asibebwe mgongoni. Akae juu ya ubavu wa boti akiipa chombo mgongo, watu wawili wamshike kwapani, kisha ageuze miguu yote miwili pamoja ndani, goti likiwa limenyooka. Magongo yatangulie. Kushuka ni kinyume chake. Mwambie nahodha haya leo kwenye simu, si ufukweni mbele ya abiria wengine wanaoharakisha. Akikataa, au mkifika mkakuta hakuna jaketi la kila mtu, usipande, hata 15,000 ikienda.

Muulize pia kisiwani mwisho wa kupokea wageni ni saa ngapi. Makobe yenyewe si kazi kuyaona. Asili yao ni yale yaliyoletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wanafuata majani. Yeye akae, majani yashikwe chini, kobe atakuja mwenyewe. Asiingize gongo baina yao, wanalisukuma.

Mkirudi saa 11 msiondoke ukutani pale Forodhani. Kwa bamvua hii vijana watakuwa wanapiga makachu, wanakimbia na kujirusha baharini kwa mitindo, na kutazama ni bure.

DadaWaMnaziMmoja
Na Ijumaa usiku akague mipira ya chini ya magongo. Ikiwa imeliwa upande mmoja au mistari imefutika, itateleza kwenye ubao wa boti uliolowa. Dar inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, anunue kabla hajapanda boti. Mkitoka kisiwani isuguliwe kwa kitambaa, mchanga ukibaki kwenye mistari mpira haushiki sakafu.

BintiBububu
Namtumia ujumbe huu sasa hivi. Na nahodha nampigia baada ya alasiri.