MREJESHO: Kofia ya mwanga kwa watoto wachanga

Wapendwa, mtakumbuka niliuliza kama kweli mwanga unaweza kupenya fuvu na kuonyesha ubongo wa mtoto unavyowapokea watu wengine, kwa ajili ya tasnifu yangu. Asanteni sana. Nimesoma, na njia ndiyo hii: mtoto huvalishwa kofia yenye taa ndogo zinazopitisha mwanga kichwani, na vipokezi vinavyopima mwanga unaorudi.

Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mwanga wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, ulio karibu na mwekundu) kwa viwango tofauti, jambo ambalo mwanasayansi Frans Jöbsis alilitumia kupima ubongo mwaka 1977. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu huongezeka pale, na vipokezi vya kofia huona badiliko.

Kilichonishawishi hasa ni utafiti wa Keneba, Gambia, uliochapishwa 2014. Watoto wa miezi 4 hadi 8 walitazama video za watu, kisha picha za vitu kama magari, na ubongo wao ukaitikia watu kwa namna ya pekee. Kijijini kabisa! Mashine ya kawaida ya MRI, ile kubwa inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, isingefika huko kwa urahisi, na mtoto aliye macho angetulia kwa shida sana ndani yake.

Mipaka ipo. Mwanga hauzami zaidi ya sentimita mbili hivi, kwa hiyo eneo la juu nyuma ya sikio, linalohusika na kuelewa nia za wengine, linafikika. Maeneo ya katikati kabisa ya ubongo hayafikiki. Nywele nzito nazo huzuia mwanga, na hilo kwetu ni suala zito.

Mwenye uzoefu wa kutumia kofia hii kwa watoto waliosukwa nywele tayari, naomba anieleze anavyofanya kabla sijaandika ombi la kibali cha maadili.